Kupiga Simu Nje ya Nchi: Namna ya Kuisoma Namba na Kuibonyeza Ipasavyo

Mara nyingi simu ya nje inapokataa kwenda, tatizo si salio wala mtandao, bali ni namba iliyobonyezwa kwa umbo la nyumbani. Mtu anayeishi London anapomtumia ndugu yake wa Unguja namba mpya, humtumia vile vile anavyowatajia majirani zake wa huko, na ndugu huyo huibonyeza ilivyo, kisha anajibiwa na sauti ya mashine kwamba namba hiyo haipo. Namba ipo na laini ni nzima, lakini imeandikwa kwa ajili ya mtu aliye ndani ya Uingereza. Kila anayewasiliana na watu wa nje anapaswa kujua namna ya kuitoa namba katika umbo hilo la nyumbani na kuiweka katika umbo la kimataifa, ambalo hufika popote inapopigwa.

Umbo la kimataifa limewekewa utaratibu na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Geneva, na kwa utaratibu huo namba yoyote haizidi tarakimu 15. Namba huanza na msimbo wa nchi, ambao wengi wetu huuita kodi ya nchi; hufuata msimbo wa mji au wa mtandao wa simu, na mwisho huja namba ya mwenye simu. Tanzania ni 255, Kenya ni 254, Uganda 256, Rwanda 250, Burundi 257, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 243, Oman 968, Falme za Kiarabu 971, Uingereza 44, na Marekani pamoja na Kanada ni 1.

Kabla ya msimbo wa nchi kuna tarakimu nyingine ambazo si sehemu ya namba hata kidogo. Hizo ni za kutokea nje, yaani zinauambia mtandao wako kwamba simu hii inavuka mpaka. Tarakimu hizo hutegemea mahali ulipo wewe unayepiga, wala hazitegemei mahali unakopiga, na hapo ndipo watu wengi huchanganya. Aliyeko Tanzania, Kenya au Uganda hutokea kwa 000. Aliyeko Rwanda, Oman, Falme za Kiarabu, Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya hutokea kwa 00. Aliyeko Marekani au Kanada hutokea kwa 011, aliyeko Japani kwa 010, na aliyeko Australia kwa 0011. Kwa hiyo ndugu aliyeko Chicago akitaka kuipigia simu ya mezani ya Dar es Salaam atabonyeza 011, kisha 255, kisha 22 na namba yenyewe, ilhali wa Muscat akiipigia simu hiyo hiyo ataanza na 00.

Kwa mwenye simu ya mkononi, mzigo wa kukumbuka tarakimu hizo umeondolewa na alama ya kujumlisha. Ukibonyeza sifuri na kuishikilia kwa muda kidogo, katika simu nyingi alama ya + hutokea, na mtandao wowote duniani huielewa kuwa ni ishara ya kutoka nje ya nchi na kuijaza wenyewe kwa tarakimu zinazofaa mahali ulipo. Namba iliyoandikwa +255 ikifuatiwa na tarakimu zake tisa itaita ukiwa Tanga, ukiwa Dubai na ukiwa Toronto, bila kubadilishwa chochote. Simu ya mezani kwa kawaida haina alama hiyo, kwa hiyo anayeitumia hana budi kujua tarakimu za kutokea za nchi aliyomo.

Sasa tuje kwenye sifuri ya mwanzo, ambayo ndiyo inayoharibu simu nyingi kuliko jambo jingine lolote. Namba za kwetu huanza na sifuri: 07 au 06 kwa simu za mkononi Tanzania, 022 kwa Dar es Salaam, 024 kwa Zanzibar, 027 kwa Arusha, Kilimanjaro na Tanga, 020 kwa Nairobi, 041 kwa Mombasa. Sifuri hiyo ni ya matumizi ya ndani ya nchi tu. Mara msimbo wa nchi unapowekwa mbele, sifuri huondolewa, na tarakimu zinazobaki huendelea kama zilivyo. Chukua namba ya London iliyoandikwa 020 7946 0018, ambayo ni ya mfano tu na si ya mtu yeyote. Kutoka nje ya Uingereza inakuwa hivi:

+44 20 7946 0018

Utakutana pia na kadi za biashara na barua rasmi zilizoandika +44 (0)20, na maandishi ya namna hiyo yamewapotosha wengi. Sifuri iliyo ndani ya mabano imewekwa kwa ajili ya wanaopiga wakiwa ndani ya nchi. Wewe uliye nje usiibonyeze kabisa. Vivyo hivyo, ukimpa mtu wa nje namba yako usimwandikie +255 kisha 07, kwa kuwa akiifuata kwa uaminifu simu yake haitafika.

Kanuni hii ya kuondoa sifuri inashika karibu kila mahali, lakini Italia ni tofauti, na ni vizuri jambo hili lijulikane kwa kuwa wako watu wetu wengi wanaosoma na kufanya kazi huko. Simu za mezani za Italia hubaki na sifuri yake hata zinapopigwa kutoka nje: Roma ni +39 06, na wala si +39 6. Simu zao za mkononi huanza na 3 na hazina sifuri ya kuondoa. Oman na Burundi hazina sifuri ya mwanzo kabisa. Namba zao zina tarakimu nane ambazo hupigwa zilivyo, ndani ya nchi na nje, na anayepiga kutoka nje huongeza msimbo wa nchi tu. Urusi hutumia 8 mahali ambapo sisi hutumia sifuri, kwa hiyo namba ya Moscow iliyoandikwa kwa 8 mwanzoni huondolewa 8 hiyo na kuwekewa +7.

Njia nyepesi ya kuikagua namba kabla ya kupiga ni kuhesabu tarakimu zinazofuata msimbo wa nchi. Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo zina tisa kwa simu za mkononi. Oman na Burundi zina nane. Uingereza ina kumi kwa simu zote za mkononi, na Marekani na Kanada zina kumi bila kubadilika, tatu za eneo na saba za mwenye simu. Falme za Kiarabu zina tisa kwa simu za mkononi, ambazo huanza na 5, na nane kwa simu za mezani za miji kama Dubai na Abu Dhabi. Ikizidi moja, karibu kila mara ni sifuri iliyosahauliwa mwanzoni. Ikipungua, mwenye namba amekuandikia kwa pupa na inafaa umwulize tena.

Kuisoma misimbo yenyewe kunarahisishwa na mpangilio wake, kwani tarakimu ya kwanza huonyesha upande wa dunia. Inayoanza na 2 kwa sehemu kubwa ni ya Afrika, 3 na 4 ni Ulaya, 5 ni Amerika ya Kusini na ya Kati pamoja na Meksiko, 6 ni Asia ya Kusini-Mashariki na visiwa vya Pasifiki, 7 ni Urusi na Kazakhstan, 8 ni Asia ya Mashariki, na 9 ni Mashariki ya Kati na Asia ya Kusini. Upande wetu misimbo imejipanga kwa jirani na jirani: 250 Rwanda, 251 Ethiopia, 252 Somalia, 253 Djibouti, 254 Kenya, 255 Tanzania, 256 Uganda, 257 Burundi, 258 Msumbiji. Namba 259 iliwahi kutengwa kwa ajili ya Zanzibar lakini haikutumiwa, na hadi leo simu ya mezani ya Unguja au Pemba hupigwa kwa +255 24. Nchi mbili za Kongo nazo zisichanganywe: 243 ni upande wa Kinshasa, Goma na Lubumbashi, na 242 ni upande wa Brazzaville.

Msimbo wa 1 unahitaji uangalifu wa pekee. Haumilikiwi na Marekani peke yake. Kanada imo, na vimo pia visiwa vingi vya Karibi, ambavyo hutambulika kwa tarakimu tatu zinazofuata, kama 876 ya Jamaika au 242 ya Bahamas. Bei ya kupiga visiwa hivyo yaweza kuwa mara nyingi zaidi ya bei ya kupiga New York, na kifurushi kilichonunuliwa kwa ajili ya Marekani huenda kisivihusu. Angalia tarakimu zote nne za mwanzo kabla ya kupiga.

Baina ya Tanzania, Kenya na Uganda kuna njia ya mkato ambayo vijana wengi hawaijui na wazee waliotumia simu za mezani wanaikumbuka vizuri. Kenya imepewa 005, Uganda 006 na Tanzania 007, na tarakimu hizo tatu huchukua nafasi ya 000 na ya msimbo wa nchi kwa pamoja. Aliye Arusha anayeipigia simu ya mezani ya Nairobi hubonyeza 005, kisha 20, kisha namba. Njia hiyo haifanyi kazi nje ya nchi hizo tatu, kwa hiyo isihifadhiwe katika simu ya mtu anayesafiri. Na kwa anayepiga Kenya, ajue kwamba tangu 2019 ziko pia namba za simu za mkononi zinazoanza na 010 na 011 mbali na zile za 07. Akiona +254 1 asidhani amepewa namba ya mezani au namba yenye kosa.

Namshauri kila msomaji atenge muda mmoja wa utulivu, afungue orodha ya majina katika simu yake, na ahifadhi upya kila namba kwa + na msimbo wa nchi, hata za watu wa mtaa wake. Faida yake huonekana siku ya safari. Aliyetua Muscat akiwa na laini ya huko na orodha iliyojaa 07 atakuta hakuna namba hata moja inayoita nyumbani, na huenda ikawa ni usiku anaotaka kuwajulisha kuwa amefika salama. WhatsApp nayo hutegemea umbo hilo: namba ya nje iliyohifadhiwa bila msimbo huchukuliwa kuwa ya nchi yako, na ndiyo sababu ndugu uliyemhifadhi hatokei katika orodha ingawa anaitumia kila siku. Wala simu ya kawaida haijapitwa na wakati kwa kuwa kuna WhatsApp. Katika Falme za Kiarabu simu za sauti kupitia programu hiyo zimezuiwa kwa muda mrefu, na mama asiye na simu ya intaneti hana njia nyingine ya kusikia sauti ya mwanawe.

Kuna hatari moja inayotunyemelea zaidi sisi tuliozoea kubipiana. Simu huita mara moja kutoka msimbo usioujua, kisha hukatika, na kwa mazoea yetu aliyebipu hupigiwa. Utapeli huu hutegemea hilo hasa: ukipiga, simu huelekezwa kwenye namba ya bei kubwa mno, na hushikiliwa kwa muziki au sauti ya kurekodiwa huku salio likiisha. Mwenye haja ya kweli atapiga tena au ataandika ujumbe. Usimpigie mtu wa msimbo usioufahamu kwa sababu ya mlio mmoja tu.

Namba fupi na namba za bure, kama zile zinazoanza na 0800, kwa kawaida hazipigiki kutoka nchi nyingine. Anayesafiri na kadi ya benki ya nyumbani aulize kabla ya kuondoka namba kamili ya huduma kwa wateja inayoanza na +255 au +254, aiandike pembeni, kwa kuwa siku kadi itakapopotea ile namba fupi ya nyuma ya kadi haitamsaidia.

Saa pia ihesabiwe. Oman na Dubai ziko mbele yetu kwa saa moja; Rwanda, Burundi, Goma na Lubumbashi ziko nyuma kwa saa moja, na Kinshasa kwa saa mbili. London iko nyuma kwa saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa kiangazi, New York kwa nane au saba. Mnapopanga na jamaa aliyekulia nje, andika 20:00 badala ya saa mbili usiku, maana yeye huenda akaisubiri simu usiku wa manane.

Ikiwa umefanya yote na simu bado haiendi, kagua kwanza sifuri, kisha idadi ya tarakimu, kisha salio, kwa kuwa vifurushi vingi vya ndani havigusi simu za nje hata vikiwa na dakika tele. Vyote vikiwa sawa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako uulize kama laini yako imefunguliwa kupiga nje, kwani baadhi ya laini hubaki zimefungwa hadi mwenyewe aombe.