Somo: Kuchagua pikipiki ya safari ndefu, kwa mtu wa Tanga

Wakuu, salaam. Mwezi huu peke yake nimejibu swali moja mara tisa, na mara ya tisa nilikuwa na tonge mkononi: "Kaka, pikipiki gani nzuri ya kwendea mbali?" Leo naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa, asinune.

"Mbali" ninayoisema mimi si Makorora kwenda Sahare. Ni Tanga, Segera, Chalinze hadi Dar, kilomita kama 350 kwa siku moja. Ni Mombo na kupanda Lushoto. Ni Pangani, Mkwaja, Saadani hadi Bagamoyo. Ni Handeni kuelekea Kibirashi kwa wenye mgongo mgumu. Mtu na mzigo wake, saa sita mpaka nane juu ya siti.

Hatua ya 1. Jua njia yako kwanza. Lami tupu, vumbi, matope au mlima? Iandike kwenye karatasi kabla hujakanyaga dukani.

Hatua ya 2. Pesa yote usiimalizie kwenye pikipiki. Bakisha ya bima, helmeti ya maana, buti na tairi.

Hatua ya 3. Injini. Cc 125 inafika, cc 150 inafika bila kulia. Kwa mtu mmoja kwenye lami 125 haina ubaya, ila ukifika Segera kuelekea Mkata utakaa nyuma ya lori mpaka ujue namba zake kwa moyo. Mimi nashauri 150 ya kupozwa na upepo, yenye kabureta (kile kikombe kinachochanganya petroli na hewa) na kiki ya mguu. Injeksheni, yaani petroli inayopulizwa kwa umeme, inanywa kidogo na inawaka vizuri asubuhi, sikatai, lakini betri ikifa porini huna la kufanya, na fundi wa kijijini hana kifaa cha kuisoma. Kabureta anaifungua kwa bisibisi, anaipuliza kwa mdomo, mnaondoka. Cc 250 ni tamu mno, mpaka siku unayotafuta spea.

Hatua ya 4. Tangi. Usimuulize muuzaji, piga hesabu mwenyewe. Jaza mpaka shingoni, tembea kilomita 100 ukiwa na mzigo wako, jaza tena mpaka palepale, gawa kilomita kwa lita ulizoongeza. Yangu ya sasa ina tangi la lita 11 na inanipa kilomita 40 kwa lita, kwenye karatasi 440. Sasa toa rezevu, toa kusi linalokupiga kifuani ukielekea Dar, toa na sheli utakayoambiwa "mafuta yanakuja saa kumi". Mimi nahesabu 300, zikifika natafuta sheli hata kama sindano haijashuka.

Hatua ya 5. Tairi na rimu. Hapa msinirukie, hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka 2016 nilinunua pikipiki ya porini iliyotumika, cc 250, ndefu, imesimama kama farasi wa sultani. Nilipopita nayo barabara za Ngamiani watu waligeuka. Wiki ya pili mimi na shemeji yangu tukavuka Pangani kwa pantoni, tukashika njia ya Mkwaja. Karibu na Kipumbwi usukani ukaanza kuogelea. Nikajua ni pancha, lakini nikakaidi kusimama juani, nikasema nijikongoje hadi kijijini. Ujinga wa kwanza huo. Fundi, kijana mmoja na karai lake la maji chini ya mwembe, akafungua tairi la mbele akachomoa tyubu. Mwiba ulikuwa mdogo tu. Ila kwa kutembea bila upepo, tairi lilikuwa limeivuta tyubu, ikachanika kwenye shina la valvu, mpasuko wa kuingia kidole. Pale hapazibiki. Akaniuliza kama nina nyingine. Sina, ujinga wa pili. Akaingia ndani, akatoka na tyubu mbili mpya kabisa: ya rimu ya inchi 17 na ya 18. Rimu yangu ya mbele ilikuwa 21.

Akajaribu ile ya 18. Aliivuta kama mama anayemvisha mtoto kanzu ya Idi ya mwaka juzi. Ikaingia, ikajaa, tukashukuru. Kilomita tatu mbele ikapasuka. Tulilala juu ya mkeka wa watu, asubuhi shemeji akapanda boda kurudi Tanga mjini, akapata tyubu duka la tatu, akarejea wakati wa magharibi. Siku mbili zimeliwa na kipande cha mpira, na shemeji mpaka leo kwenye harusi anaanza kuisimulia hiyo kabla pilau halijafika.

Tangu hapo pikipiki siitazami itakapokimbia, naitazama itakaponilaza. Kabla ya kununua ninasoma namba za ubavuni mwa tairi, kisha ninamuuliza fundi wa mbali kabisa kwenye njia yangu: hii unayo? Ukiona 3.00-18, tatu ni upana wa tairi kwa inchi, 18 ni kipenyo cha rimu. Boda nyingi zinavaa 17 au 18, kwa hiyo hata kijiji chenye duka moja la sukari na sabuni utakuta tyubu zake. Zile za porini kwa kawaida ni 21 mbele na 18 nyuma. Nzuri kwenye mchanga na mashimo, gurudumu kubwa halizami haraka, lakini 21 ya akiba utaibeba mwenyewe.

ONYO la kwanza: tyubu ya akiba na chuma za kufungulia tairi vinakaa kwenye pikipiki, si nyumbani.
ONYO la pili: rimu za sipoti, zisizo na spoku, zinapendeza Raskazone jioni. Kwenye mawe zinapasuka, na rimu iliyopasuka hakuna wa kuinyoosha. Ya spoku ikipinda fundi anakaza huku analegeza kule, unaondoka.
ONYO la tatu: tairi "jipya" linaweza kuwa zee. Tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa dukani miaka saba hata ukiwa na meno yote umeshakauka.
ONYO la nne, la bure: ukihisi pancha, simama.

Hatua ya 6. Siti na usukani. Kaa juu yake dukani dakika ishirini, mikono kwenye usukani. Muuzaji atakukodolea macho, mwache. Viganja vikifa ganzi dukani, Chalinze hutahisi kidole.

Hatua ya 7. Kama ni ya mkononi mwa mtu: namba ya chesisi na ya injini zifanane na kadi, uhamisho ufanyike TRA na si kwa kuandikishana kwenye daftari. Gusa injini kabla haijawashwa. Ukikuta ina moto, ameshaiamsha ili usijue inavyosumbua asubuhi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni petroli imezidi.

Hatua ya 8. Keria ya chuma, mzigo mzito ukae karibu na mgongo wako, usining'inie nyuma.

Nimemaliza. Maswali karibuni, ila someni kwanza.

MASWALI

Kijana wa Kange: Kaka somo zuri sana. Sasa ipi nzuri kuliko zote?

Jibu: Hatua ya 1.

Kijana wa Kange: Nimeisoma, nataka jina tu.

Jibu: Hujaisoma. Ungeisoma ungenitajia njia.

Mzigo Mzito: Mimi suluhisho langu la tangi ni dumu la lita tano nalibana katikati ya miguu. Vipi?

Jibu: Petroli kwenye dumu la plastiki, juani, juu ya injini ya moto, katikati ya miguu yako. Una watoto?

Mzigo Mzito: Wawili.

Jibu: Basi jaza Segera.

Mama Zuhura: Shikamoo kaka, au marahaba, sijui nani mkubwa. Mimi ni mfupi, na njia yangu ni Muheza kupanda Amani, mara mbili kwa mwezi, mvua na jua. Nimeambiwa nichukue ile ndefu ya porini kwa sababu ya matope. Nikikaa, vidole tu ndivyo vinagusa. Nitazoea?

Jibu: Marahaba dada, naona mimi ndiye mzee. Swali lako ni la mtu aliyefikiri. Kwenye tambarare utazoea. Kwenye mlima wenye tope hutazoea, kwa sababu utasimama mahali pameinama, utateremsha mguu upande wa bondeni, na ardhi itakuwa mbali kuliko ulivyodhani. Pikipiki ya kilo 130 ikishaanza kulala haishikiki. Chukua ya kawaida ya 125 au 150, nyayo nzima ya mguu mmoja iguse chini. Kisha pesa iliyobaki iweke kwenye tairi la nyuma lenye meno marefu, hilo ndilo linalopanda Amani, si urefu wa pikipiki. Kwenye tope punguza upepo kidogo, ukirudi lami Muheza jaza. Na kushuka tumia gia, usikalie breki: breki ya ngoma ikichemka inakuwa kama haipo.

Mama Zuhura: Ahsante sana. Upepo kidogo ni kiasi gani?

Jibu: Toa robo ya ule wa kawaida, usizidishe hapo. Ukitoa mwingi tairi litateleza kwenye rimu na kuvuta tyubu, na mimi nimeshasimulia mwisho wake. Nunua kipimo kidogo cha upepo, kinaingia mfukoni. Kidole gumba si kipimo.

Fundi wa Duga: Ndugu mwalimu, unawatisha watu bure na 125. Nina mteja anapeleka Lushoto na abiria kila wiki na 125. Tatizo si cc, ni spoketi, lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Watu wanabadilisha spoketi ya mbele waweke kubwa wapate spidi, halafu wanalia mlima hauvutwi.

Jibu: Sikusema haipandi. Nimesema inalia. Nimepanda nayo Lushoto mwenyewe na najua nilichosikia.

Fundi wa Duga: Ulihesabu meno ya spoketi siku hiyo?

Jibu: Sikuhesabu. Haya, umenishika. Ongezea tufaidike.

Fundi wa Duga: Jino moja zaidi mbele: injini inatulia kwenye lami, mlimani inachoka. Jino moja pungufu: mlimani inavuta, kwenye lami inapiga kelele na kunywa. Anayekwenda Dar na Lushoto kwa pikipiki moja aache ya kiwandani. Na cheni icheze kama sentimita mbili na nusu katikati, uipime ukiwa na mzigo juu. Watu wanakaza cheni pikipiki ikiwa juu ya stendi, tupu, wakipakia inakaza yenyewe mpaka inakula beringi.

Jibu: Hilo la kupima na mzigo nililijua nikasahau kuliandika. Wasomaji, hesabuni kama hatua ya 9.

Mwanafunzi Korogwe: Swali la kujifunza tu. Nikitoka Mombo iko sawa, nikipita Soni inaanza kukohoa na plagi inatoka nyeusi. Nikishuka inapona yenyewe. Ni jini?

Jibu: Jini lako ni hewa. Lushoto ipo kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, lakini kabureta inamwaga petroli ileile ya bondeni. Petroli inazidi hewa, ndiyo weusi huo. Nguvu nayo inapungua, kama sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000. Kwa safari ya siku moja usiguse kitu, panda kwa gia ya chini na uisafishe filta ya hewa kwanza, maana chafu inaongeza ugonjwa huohuo. Ukihamia Lushoto moja kwa moja, fundi akuwekee jeti ndogo, yaani kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli. Ukishuka kuishi Tanga irudishe ya zamani, vinginevyo huku bondeni injini itachemka.

Msafiri: Baridi ya Lushoto mnaikabili vipi? Mwezi wa saba nilifika natetemeka mpaka nikashindwa kufungua tangi.

Mzigo Mzito: Gazeti kifuani ndani ya koti. Kurasa za matangazo ya vifo ni nene.

Mama Zuhura: Na mfuko wa nailoni juu ya soksi, kisha buti. Mvua ya Amani hainipati miguu.

Jibu: Na machungwa ya Muheza msinunue kiroba kizima mkakifunga nyuma kabisa ya keria. Hatua ya 8. Nilimwona mtu Pongwe gurudumu la mbele linaelea.

Kijana wa Kange: Kaka samahani ya jana. Njia yangu ni Tanga kwenda Korogwe kila Jumatatu, lami, nabeba spea za cherehani kama kilo arobaini, na mara moja kwa mwezi naingia vijijini upande wa Magoma.

Jibu: Sasa tunaongea. Kwa hiyo ni 150 ya kabureta, rimu za spoku, 17 au 18, siti ndefu, keria ya kuchomelea ya chuma. Majina yanayouzwa mjini hapa yenye sifa hizo ni mawili matatu, yote sawa. Nenda Magoma Jumatatu hii, muulize fundi wa kule ni ipi anayoifungua mara nyingi na spea zake anazo rafuni. Hiyo ndiyo yako.

Kijana wa Kange: Na ile yako ya farasi ulimuuzia nani?

Jibu: Fundi wa Kipumbwi. Aliipenda, na yeye akilala porini yuko kwao. Sharti lake lilikuwa nimpe na tyubu ya akiba, nikampa mpya. Ile iliyochanika ninayo bado, nimeikata vipande, ndiyo ninayofungia mizigo kwenye keria.