Kabla ya kukubali matibabu ya jino: somo kwa hatua

Hatua ya kwanza ni kumwomba daktari akuonyeshe ugonjwa wenyewe kabla ya kuzungumzia gharama. Akupe kioo utazame, na ikiwa tundu limejificha kati ya meno, akuonyeshe kwenye picha ya eksirei uozo umefika wapi, kwa sababu doa ambalo halijatoboa jino linaweza kuzuiwa kwa floridi (madini yanayoimarisha meno) na usafi, tundu huzibwa, na kiini, yaani nyama laini ya ndani yenye neva, kikishaoza hubaki kutibu mzizi (kusafisha na kuziba ndani ya mzizi) au kung'oa.

Sisi wa Nakuru tuna jambo la ziada. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mtoto anayeyanywa wakati meno ya kudumu yanaumbika huyaota yakiwa na madoa ya kahawia. Madoa hayo si uozo. Ikiwa meno hayana mashimo wala hayameguki, kuyavika kofia, yaani kuyafunika kwa gamba bandia, ni uamuzi wa sura tu, nao ni halali, mradi usiuziwe kama tiba.

Hatua ya pili, uliza kitakachotokea ukingoja miezi mitatu. Anayekujibu kwa kutaja punguzo la bei linaloisha leo hajakujibu.

Hatua ya tatu, chukua nakala ya picha umwone daktari mwingine aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, wala usimweleze maoni ya mwenzake kabla hajakukagua. Lakini uso ukivimba, ukapata homa au ukashindwa kumeza, nenda hospitali mara moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Kisumu: Mwalimu, jino liliniuma usiku kucha kwa siku kadhaa, kisha likanyamaza. Bado nitibu mzizi?

Jibu: Huenda ukahitaji. Maumivu kama hayo yakikatika yenyewe, mara nyingi kiini kimekufa, na usaha unaweza kujikusanya kimyakimya. Piga picha ya eksirei.

Kakamega: Nimeshauriwa ning'oe magego yote manne ya mwisho, ingawa hayaumi.

Jibu: Kutouma pekee hakutoshi kuamua. Uliza ni lipi lililooza, lenye ufizi unaovimba mara kwa mara, au linaloharibu jirani yake. Tangu mwaka 2000, mwongozo wa Uingereza unapinga kung'oa gego la mwisho lisilo na ugonjwa. Lisilotajiwa sababu liache, likaguliwe kila unapoenda kliniki.