Kutoka mwisho wa reli hadi kwa Mkapa: ukitaka kujitolea AFCON, anza sasa

AFCON ya 2027, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja Tanzania, Kenya na Uganda, lakini Kigoma hatutachezewa mechi hata moja. Uwanja wetu wa Lake Tanganyika haumo kwenye hesabu. Pamoja na hayo, wadogo zangu wa Gungu, Ujiji na Kibirizi hawaniachi: "Kaka, wewe kule uliingiaje?" Wanauliza kwa sababu Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, nilikuwa najitolea Dar, Uwanja wa Benjamin Mkapa, nimevaa kizibao na kadi shingoni. Sina mjomba kwenye shirikisho. Mimi ni karani wa kuhesabu mizigo bandarini, nahesabu mifuko ya saruji inayovuka kwenda Kongo na Burundi.

Niliingia kwa Kifaransa, tena Kifaransa cha bandarini, cha kubishana na nahodha wa Kalemie, ng'ambo ya Kongo, juu ya mifuko iliyopasuka.

Angalieni Kundi B lililochezea Dar: Tanzania, Burkina Faso, Madagaska, Mauritania na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ukitutoa sisi, zote nne ni nchi ambazo Kifaransa kinatumika. Vijana wa Dar wanajua Kiingereza kunishinda mara kumi, lakini kwa wageni wale walibaki wanatabasamu tu. Kwa hiyo kwenye fomu, ukifika sehemu ya lugha, usione aibu kwamba hukusomea. Andika "nazungumza, siandiki vizuri". Ndivyo nilivyoandika mimi, na nilipopigiwa simu ya usaili, nusu ya maongezi ilikuwa Kifaransa.

Ila kiandaeni. Siku ya ufunguzi, tarehe 2 Agosti, Taifa Stars na Burkina Faso, nilipangwa kuelekeza watu kwenye viti. Akaja mzee mmoja wa Kiburkinabe, tiketi yake imelowa jasho, namba haisomeki, lakini mwenyewe anaikumbuka. "Quatre-vingt-quatorze," akaniambia. Kichwani mwangu nikasikia: nne, ishirini, kumi na nne. Nikajua ni lango la nne, safu ya ishirini, kiti cha kumi na nne. Nikampandisha ngazi zote zile, mzee anahema, tukafika kwenye kiti cha kumi na nne tukamkuta mama na mtoto wake wanakula karanga. Mzee akanitazama, akachomoa kalamu mfukoni mwangu bila kuomba, akaandika kwenye kiganja chake: 94.

Sasa kwetu sisi tisini na nne ni nonante-quatre. Warundi na Wakongo wamerithi hesabu ya Wabelgiji, sabini ni septante, tisini ni nonante. Waburkinabe walitawaliwa na Wafaransa, na kwao tisini ni nne mara ishirini ongeza kumi. Miaka yote naandika mizigo sikuwahi kuhitaji kujua hilo. Tukashuka ngazi zile zile. Kuanzia usiku huo nilikariri sabini hadi tisini na tisa kwa mtindo wao, na nawashauri mfanye hivyo kabla ya kitu kingine chochote, maana kazi ya uwanjani ni namba: lango, safu, kiti, basi.

Jingine ni adabu. Bandarini tunaitana "tu", yaani "wewe" ya kirafiki, wote, bosi na kuli. Ukimwambia "tu" mgeni mtu mzima ni kama umemwambia "we" baba mkwe. Sema "vous", "wewe" ya heshima, kwa kila mtu, hata kijana mwenzako. Mengine ni machache: "par ici" ni kupitia huku, "suivez-moi" ni nifuate, "un instant, s'il vous plaît" ni kumtuliza wakati wewe mwenyewe umechanganyikiwa. Nendeni Kibirizi asubuhi boti zinapopakia, ongeeni na watu, hakuna ada. Na kwa Wamauritania, salamu aleikum ya Ujiji ilinifungulia njia kuliko Kifaransa chote.

Sasa fomu yenyewe. Tangazo la kweli litatoka kwenye kurasa za CAF (shirikisho la soka la Afrika), za TFF (la Tanzania) au za kamati ya maandalizi, na kujaza ni bure. Mara tu habari zikienea mtaani utapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya kiofisi, anataka elfu thelathini ya "kuharakisha faili". Jirani yangu alituma. Mpaka leo faili linaharakishwa.

Kilichonisumbua mimi ni herufi. Shuleni jina langu linaanza na H, kwenye kitambulisho cha Taifa linaanza na Kh. Nikajaza kwa mazoea, H. Siku ya kuchukua kadi za uwanjani, mashine haikunitambua. Nilikaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, wenzangu wameshapewa fulana na wako kwenye mafunzo. Kosa ni langu, simlaumu mtu. Jazeni kama kitambulisho kinavyosema, hata kama kimekosewa na jina unalichukia. Na kama huna kitambulisho, usisubiri tangazo. Sisi tuko mpakani, mnajua maswali tunayoulizwa: babu yako alizaliwa wapi, bibi yako alizikwa wapi. Anzeni na barua ya serikali ya mtaa wiki hii.

Malazi ni juu yako. Sare na chakula cha zamu kwa kawaida hutolewa, lakini mtu wa mkoani asitegemee kupewa chumba. Mimi nilifikia kwa mama mdogo, Mtoni kwa Aziz Ally, na hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu mechi za usiku zinaisha wageni wanatoka taratibu, na wewe hutoki mpaka jukwaa liwe tupu. Kutoka pale uwanjani hadi Mtoni nilikuwa natembea na wenzangu wawili. Mwenzetu aliyefikia Bunju alilala kituo cha daladala siku mbili. Mpigieni ndugu sasa, msimshtue wiki ya mwisho, na msiende mikono mitupu. Nilibeba dagaa kilo tano na dumu la mawese la lita kumi.

Hilo dumu, jamani. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa treni ya zamani ni kilometa zaidi ya 1,200, weka siku mbili kwenye hesabu na ya tatu ya kuchelewa. Tulipofika Tabora, pale mabehewa ya Mwanza na Mpanda yanapokutana na yetu, tuliunganishwa kwa kishindo kimoja tu na mfuniko ukaachia. Mawese yakaingia kwenye begi, yakapata shati langu jeupe la usaili na viatu. Nilifika Dar nanukia kama sufuria ya mboga. Fungeni dumu kwa nailoni chini ya mfuniko, na nguo wekeni begi jingine.

Viatu viwe vya zamani, vilivyokwisha kuzoea mguu wako. Hilo sitalieleza zaidi, malengelenge yatawaeleza.

Na kama unakwenda ili uone mpira, baki nyumbani na runinga. Mtu wa kujitolea anasimama ameupa uwanja mgongo, anatazama watu. Siku ya Mauritania, tarehe 6 Agosti, nilikuwa kwenye ujia wa chini ya jukwaa nalinda mlango wa waandishi wa habari. Dakika ya 89 nikasikia zege linatetemeka juu ya kichwa, vumbi likadondoka begani. Nikajua tumefunga. Aliyefunga nilikuja kuambiwa na mpishi: Kapombe. Kuna kijana mwenzetu yeye alishindwa kuvumilia, akaacha lango lake kwenda kuchungulia, na kumbe msimamizi alikuwa anapita. Hatukumwona tena.

Kadi ya shingoni ina namba za maeneo. Kama yako haina namba ya vyumba vya wachezaji, usiende huko hata ukiitwa na mtu unayemfahamu. Usimwazime mtu kadi "dakika mbili tu aingie". Usiombe picha na mchezaji. Usishike tiketi ya mtu ukaahidi kumtafutia mnunuzi. Na ukiulizwa jambo usilolijua, usibuni. Kwenye usaili waliniuliza: mgeni amepoteza pasipoti na anapiga kelele, utafanya nini? Nilijibu kwamba nitamketisha, nimpe maji, nimwite msimamizi wangu, nibaki naye mpaka afike. Yule dada kwenye simu akasema wengi walijibu kwamba wangempeleka ubalozini wenyewe. Kwa usafiri gani, nikamuuliza, akacheka.

Wenye ajira, ombeni ruhusa kwa maandishi, tena ya siku nyingi kuliko ratiba inavyoonyesha. Taifa Stars walipotolewa na Moroko kwenye robo fainali tarehe 22 nilidhani kazi imeisha, na bosi wangu huku alidhani hivyo hivyo. Kumbe Madagaska na Sudan walikuwa wanakuja kucheza nusu fainali pale pale tarehe 26, na Wamadagaska wanahitaji mtu wa kuwaelekeza. Nilikatwa siku nne kwenye mshahara.

Cheti usikubali kutumiwa baadaye. Ulizia kabla ya zamu ya mwisho kinatolewa wapi, kagua herufi za jina, ndipo uage. Changu nilikitia kwenye bahasha ya kaki, nikakiweka juu kabisa ya begi, mbali na lile dumu. Ndiyo, nilirudi nalo tupu. Mama alishasema nisipolirudisha nisirudi.