Mbegu ya kuzuia kayongo: piga hesabu hivi kabla ya kubadilisha

Kila mwaka mbegu za mvua ndefu zikianza kuingia agrovet, wakulima ninaofanya kazi nao Siaya, Busia na Vihiga huniuliza kama yale mahindi yaliyopakwa dawa ya kuzuia gugu la kayongo yanastahili bei yake. Kuna shamba ambalo mbegu hii italiokoa, na kuna shamba ambalo utakuwa umetupa pesa. Hesabu ya kulijua lako ni hii, na inataka daftari, kalamu na asubuhi moja shambani.

Kwanza tuelewane kuhusu mbegu yenyewe. Kayongo, ambayo Tanzania huitwa kiduha, hujishikiza kwenye mzizi wa mahindi na kunyonya maji na chakula. Madhara mengi hufanyika chini ya udongo kabla hujaona ua lake la zambarau, ndiyo maana ukiipalilia ikishachomoza, mavuno ya msimu huo yameshaumia. Mbegu tunayoizungumzia ilianza kuuzwa Kenya mwaka 2005, na wengi waliijua kwa jina la Ua Kayongo. Ni mahindi yanayostahimili dawa ya magugu iitwayo imazapiri, na punje hupakwa dawa hiyo kabla ya kufungwa kwenye pakiti. Mzizi ukitoka, kayongo inayojaribu kuushika hufa, na mbegu zake zilizo karibu na shimo hufa pia. Haya si mahindi ya GMO. Ustahimilivu wake ulipatikana kwa kuchagua na kupandanisha. Wala usiifananishe na soya ya Marekani inayopuliziwa dawa shamba zima tangu 1996. Hapa dawa ni takriban gramu 30 tu kwa hekta, na huna haja ya pampu.

Hatua ya 1: Hesabu kayongo yenyewe

Mahindi yakifika wiki ya kumi hivi, tembea shambani kwa mstari wa mshazari. Simama mahali kumi, na kila mahali chora mraba wa mita moja kwa moja. Andika una mashina mangapi ya kayongo. Ukiikuta kwenye miraba miwili au mitatu tu, mimi nakushauri ung'oe kwa mkono, uongeze samadi, na ubaki na mbegu yako. Ikiwa kwenye zaidi ya nusu ya miraba, endelea na hatua zinazofuata. Shina moja huweza kutoa mbegu makumi ya maelfu, na mbegu hizo hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja mzizi wa mahindi, mtama au wimbi.

Hatua ya 2: Andika tofauti ya bei, si bei nzima

Ekari moja huchukua kilo 8 hadi 10 za mbegu. Andika unachotumia sasa, halafu bei ya mbegu mpya, kisha chukua tofauti. Nitatumia bei za mfano. Wewe weka za agrovet yako. Tuseme mbegu mpya ni shilingi 3,500 kwa kilo 10. Aliyekuwa akinunua mbegu ya kawaida kwa 2,800 anaongeza 700. Aliyekuwa akichagua mbegu kwenye mahindi yake mwenyewe, tuseme yenye thamani ya 500, anaongeza 3,000. Wote waongeze 100 za glavu.

Na gharama hii inarudi kila msimu. Ukiweka punje za mavuno yako upande mwakani, hazitakuwa na dawa juu yake, na kayongo itashika mizizi yake kama kawaida.

Hatua ya 3: Hesabu maharagwe

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, kwa sababu anayenunua mbegu mara nyingi siye anayepanda maharagwe. Huku kwetu mama huweka mahindi mawili na maharagwe mawili kwenye shimo moja, anafunika, anasonga mbele. Kwa mbegu hii haiwezekani. Dawa haichagui: haragwe likiota ndani ya shimo hilo litadumaa, litageuka manjano, au lisichomoze kabisa. Maharagwe lazima yakae angalau sentimita 15 kutoka kwenye mahindi, na mahali pazuri ni katikati ya mistari.

Kwa hiyo uliza maswali mawili. Kutoboa mstari wa pili wa maharagwe kutaongeza siku ngapi za kibarua kwa ekari? Andika pesa hiyo, hata kama kibarua mwenyewe ni mke wako au mama yako, maana siku yake ina kazi nyingine. La pili: kama hamtapanda maharagwe msimu huo, mtanunua gorogoro (yale makopo ya kupimia nafaka) ngapi hadi mavuno yajayo? Nimeona familia ikifurahia mahindi huku ikinunua maharagwe sokoni kila wiki, na hakuna aliyeyaandika popote. Mhusishe anayepika kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 4: Tafuta gorogoro za kurudisha pesa

Gunia la kilo 90 ni kama gorogoro 40. Tuseme gorogoro inauzwa 90, na kupukuchua, kukausha na gunia vinakula 10. Unabaki na 80. Sasa gawanya gharama ya ziada kwa 80.

Aliyetoka kwenye mbegu ya dukani: 800 ÷ 80 = gorogoro 10 za ziada kwa ekari.
Aliyetoka kwenye mbegu ya nyumbani: 3,100 ÷ 80 = karibu gorogoro 39, yaani gunia moja.

Ongeza gharama ya maharagwe ya hatua ya 3 kabla ya kugawanya. Tuseme kibarua cha mstari wa pili ni 800. Basi wa kwanza anahitaji gorogoro 20, na wa pili 49. Sasa jiulize kwa ukweli: shamba lenye kayongo kwenye zaidi ya nusu ya miraba linaweza kuongeza kiasi hicho? Mara nyingi ndiyo. Lakini kama udongo umechoka na huna mbolea wala samadi, mbegu peke yake haitakufikisha huko. Haikingi pia viwavijeshi wala ukame.

Hatua ya 5: Panda kipande kwanza

Nunua pakiti ya kilo 2 na ujaze robo ekari au pungufu, sehemu iliyoshambuliwa zaidi, mbegu ya kawaida ikiwa kando yake kwa mbolea ileile. Nunua pakiti iliyofungwa tu, na ukwangue kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali ya Kenya linalokagua mbegu, kuthibitisha mbegu. Panda maharagwe kwanza, mahindi baadaye. Ukikosea mpangilio, mikono yenye dawa itaharibu mbegu nyingine, kwa hiyo vaa glavu na unawe kwa sabuni. Mapengo yajazwe kwa mbegu hiyohiyo, kwa sababu mahindi ya kawaida hayastahimili dawa iliyobaki shimoni. Punje zilizobaki zisipikwe, na kuku wasizifikie.

Wakati wa kuvuna, pima kila kipande kwa gorogoro ileile.

Hatua ya 6: Mashina yaliyobaki

Utaona kayongo chache zikichomoza mwishoni, dawa ikishapungua nguvu. Zing'oe zote kabla hazijatoa maua. Huenda mojawapo imeponea kwa sababu inastahimili dawa, na ukiiacha itoe mbegu, umeizalisha wewe mwenyewe. Huko Georgia, Marekani, mchicha pori uitwao Palmer ulithibitishwa mwaka 2005 kuwa haufi tena kwa glifosati, dawa ambayo wakulima wa pamba na soya walikuwa wakiitegemea mwaka baada ya mwaka.

Kwa sababu hiyo usipange kutumia mbegu hii mfululizo. Msimu unaofuata weka soya au karanga, ambazo kayongo haiwezi kunyonya, au desmodiamu, mmea wa malisho unaozuia kayongo, katikati ya mahindi kama wanavyofundisha kituo cha utafiti cha icipe huko Mbita, hasa kama una ng'ombe wa kuila. Halafu rudi na mraba wako wa mita moja, mahali palepale kumi, na ulinganishe na ukurasa wa kwanza wa daftari.