Kabla Hujajaza Safu ya Marudio Limbikizi ya Uwiano

Safu hii huonyesha, kwa kila kundi, ni sehemu gani ya wote iliyo ndani ya kundi hilo au chini yake. Kwanza kabisa, angalia kama data zako zinapangika. Kulimbikiza ni kuhesabu "kuanzia chini hadi hapa", kwa hiyo lazima kuwe na chini na juu: alama, umri, urefu, muda. Rangi za magari hazina mpangilio huo. Hesabu zitakubali, lakini jibu halitakuwa na maana yoyote, hivyo ishia kwenye uwiano wa kawaida, yaani idadi ya kila kundi ukiigawanya kwa jumla.

Makundi nayo yasigongane. Ukiandika 0–20 kisha 20–40, aliyepata 20 utamweka wapi?

Sasa jambo linalowaangusha wengi, nami naomba ulisome taratibu. Tuseme wanafunzi 40 wamefanya mtihani. Waliopata 0–19 ni 4, 20–39 ni 10, 40–59 ni 14, 60–79 ni 9, na 80–99 ni 3. Ukigawanya kila idadi kwa 40 unapata 0.10, 0.25, 0.35, 0.225 na 0.075. Mwenye haraka atakadiria hizo mbili za mwisho kuwa 0.23 na 0.08, ndipo ajumlishe. Atafika 1.01, yaani zaidi ya darasa zima! Dawa yake ni kulimbikiza idadi zenyewe kwanza: 4, 14, 28, 37, 40. Baada ya hapo gawanya kwa 40: 0.10, 0.35, 0.70, 0.925, 1. Makadirio yaje mwisho, kama yanahitajika.

Safu hiyo haishuki hata siku moja, maana hakuna kundi lenye idadi hasi. Ikishuka, rudi ukague.

Jizoeze pia kuisoma kwa maneno. Ile 0.70 haisemi kwamba asilimia 70 wamepata kati ya 40 na 59. Hao ni asilimia 35 tu. Inasema asilimia 70 wamepata 59 au chini ya hapo. Tofauti hiyo ndiyo roho ya somo zima.

Ukichora grafu, weka kila nukta kwenye mpaka wa juu wa kundi, si katikati yake: 19.5 (nusu ya njia kati ya 19 na 20), 39.5, 59.5 na kuendelea, ukianzia sifuri kwenye mpaka wa chini kabisa. Unganisha nukta kwa rula, kisha toka 0.5 upande wa kushoto, gusa mstari, shuka chini. Utatua karibu na 48, na hiyo ndiyo mediani ya darasa kwa makadirio, yaani alama inayoligawa darasa nusu kwa nusu.