Choo kikavu cha chemba mbili: kukijenga, kukitumia na kuvuna mbolea yake

Choo hunuka hasa pale mkojo unapokutana na kinyesi. Vikichanganyika, mkojo hutoa amonia, kinyesi hakikauki, na funza hupata makao. Choo kikavu kimejengwa juu ya jambo hilo moja: mkojo una njia yake, kinyesi kina njia yake, na maji ya kutawaza yana njia ya tatu. Mtindo wa chemba mbili, moja ikitumika huku nyingine ikipumzika, ulienea Vietnam tangu miaka ya 1950, na bado ndio unaoifaa zaidi familia yenye bustani.

Mtu mzima hutoa takriban lita 500 za mkojo kwa mwaka, na kinyesi kilo 50 hivi. Sehemu kubwa ya naitrojeni, chakula cha mimea, imo kwenye mkojo. Sehemu kubwa ya vimelea vya magonjwa imo kwenye kinyesi. Ndiyo maana mkojo hutumika baada ya muda mfupi, ilhali kinyesi kinataka subira ya mwaka au zaidi.

Chemba

Kadiria lita 100 kwa mtu kwa mwaka, pamoja na majivu na karatasi. Familia ya watu sita itajaza lita 600, lakini rundo hupanda kama kichuguu chini ya tundu na pembe hubaki tupu, kwa hiyo ongeza nusu. Kila chemba ikiwa na mita 1 kwa mita 1 na kimo cha sentimita 90 kwa ndani, inatosha.

Usichimbe. Jenga chemba juu ya ardhi, sakafu yake iwe zege la sentimita 10 (saruji ndoo 1, mchanga 2, kokoto 4), na iinuke angalau sentimita 10 juu ya pale maji ya mvua yanapofika. Wengi huchimba kidogo ili kupunguza ngazi. Hizo ngazi mbili walizookoa ndizo huja kuingiza maji. Ukuta unaotenganisha chemba usiwe na upenyo, na ndani kote pigwe plasta. Nyuma ya kila chemba acha mlango wa sentimita 60 kwa 60 wenye mfuniko unaoziba barabara. Bamba la juu liwe na unene wa sentimita 8 na nondo za milimita 8 kila baada ya sentimita 15, na limwagiliwe siku 7 kabla ya kubebeshwa mzigo.

Kila chemba inahitaji bomba la hewa la milimita 100 au zaidi, lililonyooka bila kona, likipita paa kwa sentimita 50 na kufungwa wavu wa nzi kileleni.

Njia ya mkojo

Hapa ndipo vyoo vingi huharibikia. Tumia bomba la plastiki tu, kwa sababu mkojo hula chuma. Kipenyo kiwe milimita 50 na mteremko sentimita 4 kwa kila mita. Kona kali ya digrii 90 iepuke; tumia mbili za digrii 45. Mkojo uliosimama hujenga magamba meupe magumu, na kila mahali bomba linapobonyea hata kidogo patakuja kuziba.

Ncha ya bomba iingie kwenye dumu hadi karibu na kitako chake, ili mkojo mpya uingie chini ya ule wa zamani bila kuutibua. Dumu lisiwe na tundu la hewa wazi: lipumue kiasi cha kutozuia mkojo kuingia, basi. Upepo ukipita juu ya mkojo, naitrojeni huondoka nao, na utainusa ikienda. Watu sita wakiwa nyumbani kutwa nzima hujaza dumu la lita 20 kwa siku mbili na nusu hivi, kwa hiyo weka madumu ya akiba.

Matumizi ya kila siku

Kabla ya kuanza kutumia chemba, tandaza majivu makavu sakafuni, sentimita 3 hivi. Baada ya kila haja kubwa mwaga kikombe kimoja hadi viwili vya majivu, mpaka kinyesi kifunikwe chote. Majivu hukausha na pia hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali), na vimelea havivumilii pH ya juu. Vumbi la mbao hukausha vizuri, ila halina nguvu hiyo ya pili. Lichanganye na majivu au chokaa kidogo. Mabaki ya jikoni yasiingie humu.

Wanaotawaza kwa maji watengewe sehemu ya kuchambia pembeni, yenye bomba lake la kwenda kwenye shimo la changarawe. Wanaume nao wachuchumae, au wawekewe mahali pao pa kukojolea. Mgeni aelekezwe kabla hajaingia. Mtu mmoja asiyejua huharibu kazi ya wiki nzima.

Kubadilisha na kuvuna

Chemba ya kwanza ikifika robo tatu, sawazisha rundo, lifunike kwa majivu, ziba tundu na uhamie ya pili. Andika tarehe mlangoni. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka zaidi ya mwaka mmoja penye joto la nyuzi 20 hadi 35 za Selsiasi, na mwaka mmoja na nusu hadi miwili penye baridi zaidi. Muda huhesabiwa tangu siku ya mwisho kinyesi kuingia. Mayai ya minyoo ya tumbo ndiyo sugu kuliko vyote, na kwa macho huwezi kujua kama yamekufa. Vaa glavu na buti, fukia mbolea ardhini, na usiitie kwenye mboga zinazoliwa mbichi.

Mkojo unaotumiwa na familia yenyewe kwenye shamba lake hauhitaji kuhifadhiwa kwanza, mradi pasipungue mwezi mmoja kati ya kuumwaga na kuvuna. Mazao yakiliwa na wengine, uhifadhi mwezi mmoja hadi sita kulingana na zao na joto. Miezi sita kwa nyuzi 20 inafaa kwa mazao yote. Changanya mkojo 1 kwa maji 3 hadi 10. Lita 1.5 za mkojo, kabla ya kuchanganya, hutosha mita moja ya mraba kwa msimu. Mwaga kwenye mfereji, sentimita 10 kutoka shina, kisha funika kwa udongo. Majani yakiguswa huungua. Jamii ya kunde hujitafutia naitrojeni, usiipotezee mkojo.

Kikileta shida

Harufu ya amonia chooni ni mkojo unaovuja chembani au dumu lisilofunikwa vyema. Harufu ya uozo ni unyevu: ongeza majivu maradufu kwa wiki moja, kisha tafuta maji yanaingilia wapi. Funza wakionekana, sababu ni hiyo hiyo. Dawa ya wadudu haitawamaliza wakati rundo bado bichi. Mkojo ukishuka polepole, mimina siki kali bombani, iache usiku kucha, asubuhi suuza kwa maji ya moto. Suuza hiyo ipokelewe kwenye ndoo, isiingie dumuni.