Usipakue Electron mara mbili

Wenzangu mnaotengeneza programu za kompyuta kwa HTML na JavaScript, okoeni bando. Electron, zana ya kugeuza HTML na JavaScript kuwa programu ya kompyuta, hubeba Chromium (kivinjari) na Node.js (kiendesha JavaScript nje ya kivinjari) ndani yake, kwa hiyo ukiiweka kwenye mradi kwa amri ya `npm install --save-dev electron` unashusha mzigo mzito, si kifurushi kidogo cha msimbo kama vile vingine. Hapa Mombasa wengi wetu tunatumia bando la simu, na nimeona vijana wakiushusha upya kwa kila mradi na kila kompyuta.

Hakuna haja. Faili ya Electron ikishashuka huhifadhiwa kwenye kompyuta: kwenye Linux iko `~/.cache/electron`, kwenye Windows iko `%LOCALAPPDATA%\electron\Cache`. Nakili folda nzima kwenye flashi, uiweke pahali pale pale katika kompyuta ya mwenzako. Usibadilishe majina ya folda zilizomo ndani, maana ndiyo yanayotumika kuitafuta faili. Toleo na mfumo wa kompyuta lazima vilingane, basi andika toleo kamili kwenye `package.json`, faili inayoorodhesha vifurushi vya mradi, bila ile alama ya `^` inayoruhusu toleo jipya zaidi. Vifurushi vidogo bado vitahitaji intaneti, lakini hivyo ni vyepesi.

Na kama programu ni ya duka, tuseme la pale Kongowea, fonti na maktaba zote za msimbo ziweke ndani ya mradi wenyewe. Ukiziita kutoka mtandaoni, siku intaneti ikikatika muuzaji atafungua dirisha lenye maandishi yaliyovurugika huku wateja wamemsimamia.